Vikombe Visita vya Mwalimu Mchanga

Kisa hiki hutakiamini, na unaambiwa mapema ili baadaye usilaumu mtu. Mjomba anayekuandikia alisoma hadi darasa la saba, akaongeza nusu darasa kwa kuchungulia dirishani, na katika ukoo mzima hajazaliwa wa kumfikia kwa kusimulia. Hata hivyo, kila akisimulia hiki watu humtazama mdomoni, kana kwamba wanatafuta uongo unatokea upande gani. Basi amua mwenyewe. Ni kisa cha mtoto wa miaka minne aliyekosea kuhesabu mbele ya wazazi, na kwa kosa hilo akamwokolea mwalimu wake kazi.

Mwalimu ni mpwa wa mjomba huyo, mtoto wa dada yake. Jina lake la nyumbani tuliache nyumbani. Kazini wanamwita Mwalimu Mchanga, na jina hilo lina asili mbili. Kwanza, alipata cheti cha ualimu akiwa na miaka thelathini na tisa na mvi tatu za mbele. Mwenzake mmoja akamtambulisha kwa wageni kuwa ni mwalimu mchanga, akimaanisha mpya, na waliokuwepo wakazitazama zile mvi wakacheka hadi chai ikawapalia. Pili, kuna mchanga wenyewe, ule wa kuchota kwa koleo. Darasani kwake lipo tangi la maji la plastiki lililopasuka, akalikata kati kwa msumeno, nusu ya chini akaijaza mchanga. Aliuchekecha siku mbili usibaki na kokoto. Anayeuliza kwa nini shule za wadogo zinaitwa chekechea, ajue mjomba ana jibu, ingawa wasomi hawajamwuliza.

Kabla ya cheti, Mwalimu Mchanga alikuwa mwosha vikombe wa kituo hichohicho cha chekechea anachofundisha. Ni nyumba ya vyumba vitano iliyokuwa ya kuishi watu. Bomba la jikoni lilikata tamaa zamani, kwa hiyo vyombo huoshwa uani kwenye beseni. Kila alipochutama kuosha, watoto walimzunguka kama vifaranga. Mmoja anamimina, mwingine anakizamisha kizibo na kizibo kinakataa kuzama, wa tatu anashangaa kijiko kidogo kimekwenda chini na sahani kubwa inaelea. Mwalimu wa wakati ule alikuwa akija na kuwafukuza warudi ndani wakasome. Mwosha vikombe alibaki na mikono yenye povu akijiuliza: kwani hapa walikuwa wanafanya nini? Swali hilo lilimkaa kooni miaka minne. Mwishowe likampeleka kozi ya wakati wa likizo, akarudi na cheti, akapewa chumba cha watoto wa miaka minne.

Na chumba akakitengeneza. Rafu aliziteremsha mpaka kiunoni mwa mtoto. Akaomba vipande vya mbao kwa seremala, akavipiga msasa kimoja kimoja. Kwenye kikapu kuna funguo zilizopoteza makufuli yake, na makufuli yaliyopoteza funguo, na yupo mtoto mmoja ambaye tangu afike hana kazi nyingine ila kuoanisha. Vile vikombe vya plastiki vilivyokatika mikono, ambavyo yeye mwenyewe alivisugua kwa miaka, vikaingia kwenye mchanga.

Malkia wa mchanga ule alikuwa binti mmoja mdogo aliyeitwa Shangazi. Walimwita hivyo kwa sababu alizaliwa na mikono kiunoni. Alikuwa akiwapangia wenzake nani akae wapi, nani apenge makamasi, na nani aombe radhi hata kama hajakosa. Siku moja alibishana na mtoto wa seremala, waliyemwita Injinia. Kulikuwa na chupa ndefu nyembamba na kopo fupi nene. Shangazi alishikilia kwamba chupa inabeba zaidi, kwani ni ndefu, na mtu mrefu ndiye mkubwa. Injinia akabisha kwa kutikisa kichwa tu. Mwalimu alichutama pembeni, mikono katikati ya magoti, hakusema neno. Usidhani ni rahisi. Ukiwa unajua jibu, kunyamaza ni kazi kuliko kulima. Watoto wakajaza kopo, wakamimina ndani ya chupa, chupa ikajaa mpaka shingoni na mchanga ukabaki koponi. Shangazi akaitazama ile chupa kama mtu aliyetapeliwa na ndugu yake wa damu. "Kumbe una kiburi tu," akaiambia.

Shida ilianza kwa baba yake Shangazi. Ni fundi cherehani, mtu mwema, mwenye mazoea ya kutembea na sindano zimechomekwa kwenye ukosi wa shati kama nishani za vita. Binti alikuwa anarudi nyumbani na mchanga kwenye soksi, mfukoni, na siku nyingine sikioni. Daftari lake lilikuwa jeupe kama siku lilipotoka dukani. Na ng'ambo ya barabara kuna kituo kingine ambako watoto hukaa kwenye madawati na kuimba herufi kwa sauti moja hadi vioo vinatetemeka. Jumatatu moja fundi akaingia ofisini kwa Mkuu wa kituo, akapindua mfuko wa sare ya binti yake juu ya meza, na mchanga ukamwagika kwenye karatasi. Akasema hayo ndiyo masomo ya wiki nzima.

Mkuu si mtu mbaya. Ni mwalimu wa siku nyingi, anatembea wima, na miwani yake ina kamba ili isitoroke. Lakini wazazi watatu walikwisha kusema maneno yaleyale, na kituo kikisemwa vibaya hakisimami. Akamwita Mwalimu Mchanga, akamweleza bila kuzungusha. Madawati yangeletwa Alhamisi. Ijumaa asubuhi wazazi wangekuja, na mtoto mmoja watakayemchagua wao angehesabu vitu kumi mbele yao. Akiweza, mchanga ungebaki. Akishindwa, mchanga ungechotwa siku hiyohiyo, darasa lingepewa mwalimu mwingine, na yeye angerudi uani kwenye beseni lake.

Mpwa huyo alimjibu, "Sawa, Mkuu," akatoka. Nje akasimama kidogo akaliangalia lile beseni.

Alhamisi madawati yakafika, yakapangwa ukumbini moja juu ya jingine. Mwalimu alipoyaona, akaanza kuhesabu saa zilizobaki. Mchana ule akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla. Aliwatoa watoto mchangani, akawapanga mstari, akawaambia waseme baada yake: moja, mbili, tatu, mpaka kumi. Wakasema. Tena. Wakasema. Mara ya sita walikuwa wanaimba vizuri kabisa, macho yakiwa dirishani. Ng'ambo ya barabara wangejivunia. Ndipo Shangazi akanyoosha mkono, akauliza kwa upole, kama mtu anayeogopa kumwaibisha mkubwa:

"Mwalimu, tunahesabu nini?"

Mwalimu akatafuta chumba kizima kwa macho. Hawakuwa wanahesabu kitu. Akachutama mbele ya yule mtoto, akamfunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefunguka. Alikuwa anatafuta la kufanya na mikono yake. Akawaambia warudi kwenye mchanga. Walivyokimbia, utadhani wamefunguliwa jela.

Ijumaa wazazi walikaa kwenye vile viti vidogo vya watoto, magoti yakiwafikia kidevuni. Mkuu akapanga vikombe kumi mezani, vilevile vilivyokatika mikono, akauliza nani ahesabu. Fundi akasimama kabla ya wengine. Alimtaka binti yake. Alisema akishindwa wake, asilaumiwe mtoto wa mtu.

Shangazi akaja mbele, akaweka mkono mmoja kiunoni, wa pili akautumia kugusa. "Kikombe kimoja. Vikombe viwili. Vitatu. Vinne. Vitano." Hapo akavuta pumzi. "Visita. Visaba. Vinane. Vitisa. Vikumi."

Chumba kikaangua kicheko. Mama mmoja alifunika uso kwa kanga, mabega yakimtetemeka. Hakuwa mtu mwenye ubaya; nani angesikia vikumi asicheke? Lakini Shangazi hakuwa amezoea kuchekwa. Mkono ukateremka kutoka kiunoni. Fundi aliinamisha kichwa. Mkuu akavua miwani, na Mwalimu Mchanga akajua kwamba ikivuliwa miwani hukumu imekwisha kuandikwa.

Akaenda akasimama nyuma ya mtoto, akamwekea mikono mabegani.

"Baba Shangazi," akasema, "nyumbani kwenu nani anasema visita?"

Fundi akainua kichwa. Akajibu kwamba hakuna.

"Na hapa hakuna. Mimi sijawahi kutamka, Mkuu hajawahi, mtaani hulisikii. Sasa huyu neno hili kalitoa wapi?"

Swali lilikuwa la kijinga, mpaka ujaribu kulijibu. Fundi akaona amuulize mwenye neno. Akasogea hadi mezani, akapiga goti ili walingane macho, akamuuliza kwa sauti ya nyumbani, mama, kwa nini umesema visita?

"Kwa sababu ni vikombe, baba," akasema Shangazi, machozi yakiwa karibu.

Fundi akasugua kidevu. Wanaomjua wanasema hufanya hivyo anapoletewa nguo iliyoharibika, kabla hajagundua kosa liko kwenye mshono gani. Kisha akapeleka mkono kwenye ukosi wake, akachomoa sindano moja, akailaza mezani mbali na vidole vya mtoto. Akachomoa nyingine. Akazilaza saba, zikang'aa kwenye mstari. Akamwambia azihesabu kwa macho, asiguse.

"Sindano moja," akasema Shangazi. "Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita. Saba."

Sita, bila vi wala wa wala ma. Yule mama wa kanga akaacha kucheka. Fundi akauliza kuhusu mashati aliyoyashona jana, yakiwa sita angesemaje. Mtoto akasema mashati masita. Na wateja wakija sita? Wateja wasita. Na mikono ya mashati hayo, ikiwa sita? Misita. Hakuchelewa hata mara moja. Alijibu kama anasoma mahali.

"Huyu hakukariri," fundi akasema taratibu, na hakuwa anamwambia mtu yeyote. "Huyu ana karatasi ya kipimo. Ameikata mwenyewe, sasa anakatia kila kitambaa." Akageuka. "Mwalimu, hii ulimfundisha lini?"

Akasema hakumfundisha. Akaeleza kwamba kila siku wanajaza vikombe, wanavipanga, wanagawana, wanagombana nani ana vitatu na nani ana vinne, na yeye hukaa kando akasikiliza. Mtoto ndiye aliyeona kwamba vikombe vinavalisha namba nguo zao. Alipofika sita, hakuona sababu ya kuiacha uchi.

Mkuu alikuwa amerudisha miwani. Aliuliza, na mjomba anaapa aliuliza kwa nia njema, kwani kweli, kwa nini sita haivai? Alikuwa amefundisha miaka mingi na hajawahi kujiuliza. Wazazi wakatazamana. Mmoja akasema kwa sababu sita ni sita, akasikia alichosema, akajikuna kichwa.

"Sita, saba na tisa ni wageni," akasema Mwalimu Mchanga. "Tuliwapokea kutoka Kiarabu, na mgeni humlazimishi sare ya nyumba."

"Na kumi?" akauliza fundi. "Kumi naye mgeni?"

"Kumi ni mwenyeji kabisa. Huyo ni mzee tu, havai sare."

Hapo wakacheka tena, lakini safari hii kicheko kilikuwa cha kukaa pamoja, na Shangazi aliangalia nyuso moja baada ya nyingine, akaona hachekwi yeye, akarudisha mkono kiunoni. Kisha akatangaza kwamba wageni wakija kwake watavaa sare.

Mkuu akasimama. Akasema mtoto akosee hivyo hata mara mia, yeye hana ugomvi, kwa maana kosa hilo haliwezi kufanywa na kasuku. Madawati yangehamia chumba cha wakubwa, wale wanaojiandaa kwenda darasa la kwanza. Mchanga ubaki, na mwalimu wake abaki. Sharti lilikuwa moja tu: kila Ijumaa abandike ukutani walichogundua watoto wiki hiyo, wazazi wasome, ili siku nyingine mtu asije ofisini kumwaga mchanga mezani. Fundi akatazama viatu vyake. Mwalimu Mchanga akaanza kuokota sindano moja moja na kumrudishia fundi.

Basi msomaji, kilichofuata ndicho watu hawakiamini. Wazazi wote, mia mbili na ushee, walimnyanyua Mwalimu juu juu wakamzungusha uani mara saba, Mkuu akalia machozi ya kujaza mabeseni mawili, fundi akaapa kumshonea gauni la mita arobaini, na yale madawati, wallahi, yakajiinua yenyewe kwa miguu yao minne yakaanza kutembea kuelekea chumba cha

"Mjomba, futa hapo."

Mwalimu Mchanga mwenyewe amesimama nyuma ya kiti cha mwandishi tangu saa ngapi, Mungu ndiye ajuaye.

"Wazazi walikuwa wanane. Madawati tuliyabeba mimi na Baba Shangazi, mgongo ukaniuma siku tatu. Na wewe hukuwepo."

"Nilikuwepo, mama, nilikuwa pale nje dirishani, nimebeba mtoto huku na mtoto kule, na mkononi nina"

"Mjomba."