Aliyemmenyea Baba Kamba

Harufu ya thomu haitoki vidoleni kwa sabuni, na anayekwambia itatoka kwa ndimu hajawahi kuwa na jambo la kuficha. Mimi nilijaribu vyote viwili nikiwa na miaka tisa, chooni mwa mkahawa mmoja hapa Birmingham, nimesimama kwa ncha za vidole ili nilifikie bomba. Mpaka leo nikikaanga thomu kwa siagi narudi pale pale, mikono imelowa, na baba yuko nje ya mlango ananiharakisha.

Siku hizo tulikaa Nechells, ghorofa ya nne, dirisha linatazama maghala. Mama alitunza wazee katika nyumba ya wazee kule Acocks Green, na Jumamosi alikuwa akitoka asubuhi na kurudi magharibi. Kwa hiyo Jumamosi nilikuwa wa baba. Baba aliendesha teksi, mcheshi, bingwa wa porojo, na nilimpenda kwa upofu wote wa mtoto. Nalisema hilo mapema ili msije mkadhani nilikuwa na akili kuliko umri wangu.

Na mama nilikuwa na vita vidogo. Wazazi wangu ni watu wa Unguja, na mama alinisemesha Kiswahili tangu naamka mpaka nalala. Mimi nikamjibu Kiingereza. Nilielewa kila kitu, hata matusi aliyodhani siyajui, lakini kusema sikutaka. Nilikiona ni kitu cha wazee, cha simu za nyumbani na misiba. Mama hakukasirika. Alinisuka nywele huku akisema, "Mwacha asili ni mtumwa," kisha akacheka, "Siku moja utanijibu, mwanangu. Hata nikizeeka nasubiri, utanijibu tu." Hilo ndilo alilolitaka kwangu. Sikumbuki aliwahi kuniomba jambo jingine.

Jumamosi ile baba aliniambia tunakwenda kula chakula cha Cajun. Nilidhani ni jina la rafiki yake. Kumbe ni vyakula vya watu wa Louisiana, kule Marekani, na mkahawa wenyewe ulikuwa upande wa pili wa mji, meza za mbao, muziki wa matarumbeta, watu wanacheka na mafuta mpaka viwikoni. Mhudumu alitufunga bibu za plastiki shingoni kama watoto wanaoota meno, akatugawia glavu, zangu zikanipwaya nikazivua, akatandaza karatasi mezani. Sahani hakuna. Akaleta mfuko mkubwa unaofuka moshi, akaumwaga wote mbele yetu: kamba, kaa, kome, vipande vya mahindi, mbatata, vyote vimeloa siagi nyekundu ya thomu na pilipili.

"Hili ndilo sinia la Wamarekani," akasema baba, na mwanamke aliyekaa karibu yake akacheka sana.

Huyo mwanamke tulimkuta amekwisha kaa. Baba alisema, "Msalimie anti Rukia, tunafanya naye kazi." Nikamsalimia. Alikuwa na mtandio wa rangi ya machungwa na sauti nzuri, akanisifu viatu vyangu, nami nikampenda papo hapo kwa ajili ya vile viatu.

Sasa lazima niwaeleze jambo la sinia. Nyumbani tulikula sinia moja, na sinia lina adabu zake. Unakula mbele yako, mkono hauvuki, na kitoweo hukaa kati mpaka mkubwa akigawe. Baba alikuwa mvivu wa kumenya kamba. Alikuwa akikaa tu, na mama akimmenyea mmoja mmoja, akimwekea mbele yake bila kuambiwa, naye akila bila kuinua macho. Bibi, mama yake mzazi, alipotutembelea kutoka Unguja alimtania, "We mume mzima, huna kucha?" lakini hata yeye hakummenyea. Ile ilikuwa kazi ya mama, na mama hakuiona kazi.

Anti Rukia alivua glavu moja ili apate kushika vizuri. Akamenya kamba, akamweka mbele ya baba. Akamenya wa pili, wa tatu. Baba alikuwa ananisimulia kisa cha abiria aliyesahau meno ya bandia kwenye teksi, na huku anasimulia anawaokota wale kamba na kula, bila kuinua macho. Nilicheka kisa mpaka mwisho. Lakini niliona.

Baada ya hapo ndipo ikawa ile safari ya chooni, sabuni, ndimu, sabuni tena. Ndani ya gari baba alinitazama kwa kioo. "Mama akikuuliza, mwambie ulikuwa na baba na anti. Basi. Huo si uongo, au vipi?" Nikasema si uongo. Na kweli, hapa kwetu kila mwanamke anayejua Kiswahili ni anti: wa msikitini anti, muuza vitambaa anti, jirani anayekopa chumvi anti. Neno moja limewameza wote, na baba alijua vizuri jinsi ya kujificha ndani yake.

Mama alirudi magharibi, akanishika mkono kabla ya kuvua koti. "Umekula, mwanangu?"

"Yeah."

Akaunusa mkono. "Thomu yote hii. Mmekula wapi?"

"Out. With Dad and anti."

"Anti," mama akacheka. "Dunia nzima anti. Anti ndo nani? Shangazi? Mama mdogo? Mke wa ami? Nambie nimpigie simu nimshukuru."

Baba alikuwa kwenye kochi, rimoti mkononi, hakugeuka. Nami nikaona Kiingereza kimenitupa mkono, maana majina yote aliyoyataja mama kwa Kiingereza ni hilo hilo moja, na yeye keshalikataa. Nilikuwa na shangazi mmoja tu nchi hii, Zuhura, dada yake baba.

"Shangazi," nikasema. Kisha, kwa kuwa mama alikuwa ananitazama kwa macho ambayo sijawahi kuyaona, yamejaa furaha, nikaendelea kwa Kiswahili kilichopinda kila upande. "Tulikula kamba. Shangazi alikula kamba mingi. Akamenyea baba, akaweka kwa yeye."

Sentensi tatu nzima. Nilijua nimempa zawadi.

Tabasamu la mama lilibaki pale pale usoni, ila macho yaliondoka, yakaenda kwenye kisogo cha baba. "Akammenyea," akasema taratibu.

"Ndiyo. Wote."

Akauachia mkono wangu. Akavua koti, akalitundika, akalinyoosha mikono yake kana kwamba lina makunyanzi. Kisha akaniambia kwa Kiingereza, "Go and wash your hands, darling."

Tangu jioni ile mama hakunisemesha tena Kiswahili. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilidhani nimeshinda vita, nikajigamba shuleni. Kiingereza alichonisemesha kilikuwa kile cha kazini, cha polepole na cha heshima, alichowasemesha wazee wake huko Acocks Green. Baba alihama kabla ya Idi iliyofuata. Leo anti Rukia ni mke wake, na nasikia kamba bado anamenyewa.

Mwaka juzi kwenye harusi Ladywood, Shangazi Zuhura alionja wali kidogo, midomo ikamvimba mbele ya macho yangu, tukamkimbiza hospitali. Alipopata nafuu akanishangaa. "Hukujua? Kamba mmoja tu anatosha kuniua. Wakati ule mama yako ndiye aliyekuwa akinionjea kila sherehe, kabla sijatia mdomoni."

Nilikaa kwenye kiti cha plastiki pale wodini, nikahesabu maneno yangu ya jioni ile, moja moja. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu haikufika hata mlangoni. Watu huniliwaza kwamba nilikuwa mtoto. Nilikuwa mtoto, ndiyo. Baba ninamchukia kwa hilo mpaka leo, sifichi. Lakini mdomo ulikuwa wangu. Mama alisubiri miaka yote ile nimjibu kwa lugha yake, na siku nilipomjibu, nilimjibu uongo.

Sasa Kiswahili nakisema. Shangazi amenifundisha, na akina mama wa msikitini, kwa kunicheka na kunirekebisha. Kila Jumapili nampigia mama simu.

"Shikamoo, mama."

Namsikia anapumua.

"Hello, darling," ananijibu. "Have you eaten?"