Mchagua Modeli za Jua

Modeli ya tabianchi, programu ya kompyuta inayokadiria hali ya hewa ya miaka ijayo, ikiletwa mezani kwake, mama huyu mchambuzi huipokea kama mkwe mtarajiwa: kwanza huiuliza ya nyuma. Hataki kusikia habari za jua la miaka hamsini ijayo mpaka imwoneshe sawasawa jua la miaka iliyokwisha kupimwa. Miwani imeteremka puani, kidole kinafuata mchoro kwenye skrini, na modeli iliyosahau mawingu huagwa kwa maneno yaleyale: "Nenda salama, mwanangu." Mbili zilizozaliwa maabara moja zikikubaliana, huzihesabu moja, maana ndugu hamwumbui nduguye.

Juzi ilibaki moja yenye nuksi. Yaliyopita imeyapatia barabara, lakini ya mbele inasema jua litafifia. Mkuu wa mradi wa umeme wa jua akainama, akamnong'oneza, "Mama, hii si tuiache tu? Inatuharibia picha."

"Kosa lake nini, bosi?"

Modeli ikabaki. Mama akachukua simu, akampigia fundi aliyekuwa akimfungia paneli za umeme wa jua juu ya paa la nyumba yake.

"Fundi, usishuke kwanza. Ongeza paneli moja."