Pipa la Mama Chemsha

Kwa miaka kumi na tisa, wanafunzi wa sekondari moja ya bweni ya wasichana walimwita matroni wao Mama Chemsha, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na baba yake. Kila asubuhi alikoka moto nyuma ya bwalo, akachemsha maji mpaka yatokote, akayaacha yapoe, kisha akayamimina kwenye pipa lenye mfuniko. Kando yake aliweka beseni, sabuni, na taulo aliyoikunja pindo kwa mkono wake. Msichana aliyekutwa anakunywa bombani alijuta.

Muhula ule wasichana wakaanza kuhara. Wakaanza watatu, wakafika tisa. Wiki ya pili walikuwa kumi na saba. Muuguzi wa shule akawanywesha dawa ya kurudisha maji mwilini na kuandika majina daftarini. Mama Chemsha aliyasoma majina yale mara mbili.

"Huyu si kiranja wa afya? Na huyu ananawa mpaka ngozi inachubuka! Wale wakorofi wangu wa chumba cha mwisho, wanaojificha kunywa bombani, wako wapi?"

"Uwanjani, wanacheza netiboli," muuguzi alisema.

"Wazima?"

"Wazima kama chuma."

Akaondoka akijisemea peke yake. Chakula? Wote hula sufuria moja. Basi akaongeza kuni, akachemsha kwa muda maradufu. Wagonjwa wakafika ishirini na mbili.

Mkuu wa shule akamwita bwana afya, kijana mpole mwenye begi la chupa. Alichukua maji ya bombani na ya pipani, akarudi baada ya siku nne.

"Mama, ya bombani ni salama. Ya pipani yana vijidudu vya kinyesi."

"Umechanganya chupa, baba."

"Sikuchanganya."

"Mabichi safi, yaliyochemka machafu? Hiyo elimu ya wapi?"

Bwana afya hakubishana. Alimwomba wasimame pamoja karibu na pipa saa ya mapumziko, watazame tu. Wasichana wakaja. Wakanawa kwa sabuni, vizuri kabisa, na moyo wa Mama Chemsha ukatulia kidogo. Kisha mmoja baada ya mwingine wakajifuta kwa taulo ileile, wakachovya jagi pipani, vidole ndani ya maji.

"Taulo hii hufuliwa lini?" aliuliza bwana afya.

"Jumamosi," alijibu Mama Chemsha.

"Maji ya bomba yana dawa inayoyalinda njiani. Ya kuchemsha hayana mlinzi, mama. Mkono mmoja mchafu ukigusa taulo, wote wamegusa. Wakichovya, basi, vijidudu vimeingia pipani."

Mama Chemsha alielewa kila neno, lakini yote kwa pamoja hayakumwingia. Alikwenda chumba cha wagonjwa, akakaa kitandani kwa kiranja wa afya, macho yamemzama binti wa watu.

"Mwanangu, inaonekana ni pipa langu. Na ile taulo."

Msichana alimkodolea macho. "Kwa hiyo tunywe ya bombani, matroni?"

"Sijui. Subiri nikaulize."

Hakuwahi kumwambia mwanafunzi "sijui." Lilimtoka kama jino.

Taulo ikaondolewa. Likaletwa pipa lenye koki, jagi likapigwa marufuku, na maji yaliyokwisha kuchemka yakawa yanatiwa matone ya dawa. Vitanda vikapungua wagonjwa, na baada ya wiki tatu vikabaki vitupu. Wakorofi wa chumba cha mwisho walitembea kifua mbele kwa siku kadhaa.

Mama Chemsha alianza kumpigia simu bwana afya karibu kila siku.

"Sasa mikono ikilowa wakaushie nini?"

"Upepo, mama. Waikung'ute, ikauke yenyewe."

"Na huo upepo, una uhakika nao?"