Miguu Chini ya Lori

Mpwa wangu anasomea kompyuta huko Mzumbe. Likizo hii amekuja kwangu Kihonda kunitangazia kwamba dereva amepitwa na wakati. Amenionyesha kwenye simu gari linalojiendesha, usukani unazunguka wenyewe kama umepandwa na mashetani.

"Linaona kila kitu, mjomba."

Kuona! Hata kuku anaona, na bado anagongwa.

Mimi niliendesha lori la ndizi barabara ya Matombo enzi za ruksa, magari ya mtumba kutoka Japani yalipoanza kumiminika na kila mwenye tai akajiita dereva. Sisi wa malori tulikuwa tunaongea. Nikiwasha indiketa ya kulia, wa nyuma yangu anajua kuna gari linakuja, atulie. Nikiwasha ya kushoto, anapita. Ukikuta matawi yamelazwa barabarani, ujue mbele kuna gari bovu. Wale mabwana waliyaona matawi wakadhani ni uchafu wa wakulima. Leseni wanayo, lugha hawana. Niliwadharau, na mpaka leo nawadharau.

Siku moja propela, chuma kile kinachozungusha magurudumu ya nyuma, ilichomoka mteremkoni, mita chache baada ya kona. Nikalaza matawi nyuma, kabla ya kona, nikaingia chini ya lori. Upande mmoja ni korongo, kwa hiyo miguu yangu ilibaki nje, upande wa barabara. Abiria wangu alikuwa mmoja tu, mama wa makamo mwenye mikungu yake ya ndizi. Hakuyaamini matawi. Alipanda mwenyewe hadi juu ya kona akasimama.

Likaja gari dogo jeupe, linang'aa, mbio. Likayakanyaga matawi yangu yote. Mama akanyoosha mkono, kiganja chini, akipapasa hewa: taratibu, taratibu. Yule bwana akadhani anaombwa lifti! Akamtikisia kidole kwamba hapakii, akakanyaga mafuta.

Mama akakaa chini. Katikati ya barabara, na kanga yake, akakaa.

Mimi nilisikia breki, kisha makelele. "We mama, una wazimu? Si nimekuonyesha sipakii watu?"

"Sitaki gari lako, baba," mama akajibu, wala hakuinuka. "Huko mbele kuna miguu ya mtu."

Hakuinuka mpaka bwana alipozima gari na kwenda kuchungulia kona kwa miguu yake. Baadaye akanipita kwa mwendo wa kinyonga, kioo kimefungwa. Hata pole hakunipa, mshenzi yule.

Nilipomaliza kusimulia, nikamuuliza mpwa wangu gari lake lingefanya nini pale.

"Lingesimama, mjomba. Si linamwona mtu amekaa?"

"Vizuri. Limeshamzidi yule bwana. Halafu?"

"Halafu linatafuta nafasi pembeni," akasema kwa fahari, "linamzunguka, linaendelea na safari."

Nilikuwa nimekaa barazani, miguu nimeinyoosha. Nikaikunja.