Tulivyovuta Nyumba ya Masanja Kupitia Hifadhini

Niliondoka nyumbani Mbuba, wilayani Ngara, kwa ajili ya macho ya dada yangu Anastazia, si kwamba napenda kutembea. Kutembea nilishatembea vya kutosha ujanani, nikibeba kahawa kichwani kupanda vilima ambavyo leo vijana wanavipanda kwa bodaboda na bado wanalalamika. Dada macho yote mawili yamefungwa na mtoto wa jicho. Anajua mchana na usiku, basi. Ng'ombe na mtu anawatofautisha kwa harufu, na anasema wapo watu wa kumchanganya.

Kanisani ikatangazwa kwamba madaktari wa macho wamefika Ngara kwa siku tatu, wanapasua bure, na siku ya tatu wakifunga daftari saa nane mchana ndiyo mwisho. Watarudi lini hakuna aliyesema. Na mimi habari nilizipata siku ya kwanza ikiwa imeshakwisha, kwa sababu mke wangu ndiye aliyekwenda misa na alipotoka akapitia kwanza kwa jirani kuangalia mtoto mchanga.

Siku ya pili nikapanda basi mpaka Biharamulo, na kutoka hapo nikapata gari lingine la kuvuka hifadhi ya wanyama, maana dada anaishi ng'ambo yake, kwa binti yake Leokadia. Alihamia huko alipofiwa na mume, sasa ni miaka tisa. Leokadia ameolewa na Msukuma, Masanja, ambaye wazazi wake walikuja na ng'ombe kutoka Shinyanga. Mtu mpole, mrefu, hasemi sana. Anauza nafaka na chumvi minadani, na gari analo, pikapu. Ndiyo maana nilimtegemea yeye. Dada kwenye basi haendi tena. Mara ya mwisho alishuka Nyakahura akidhani amefika Ngara, akakaa kwenye duka la watu mpaka jioni akiwasalimu wapita njia kwa Kihangaza, lugha yetu ya Ngara.

Sasa hapo pana jambo. Kwetu mkwe na mama mkwe hawakai pamoja, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Kwa Wasukuma ndiyo usiseme. Masanja na dada yangu miaka tisa wako boma moja, zizi la ng'ombe katikati, na wakikaribia kukutana njiani Masanja anaingia kwenye mahindi. Upofu wa dada haukubadili kitu. Nilimwuliza Masanja, "Lakini hakuoni." Akajibu, "Mjomba, mimi namwona." Kwenye pikapu kuna kiti kimoja kirefu cha mbele. Nyuma amechomelea tenki la maji ya ng'ombe, hapabaki pa kukaa hata kuku.

Lakini Masanja ana ile nyumba. Ni tela la kulala, lenye magurudumu mawili, mlango, dirisha na kitanda. Lilikuwa la wakandarasi wa barabara, walipoondoka akalinunua. Huwa analivuta minadani analala humo. Akasema mama atalala ndani kama yuko nyumbani kwake, sisi wawili tutakaa mbele, mila itakuwa salama. Nikaona ni akili kubwa. Sasa nasema wazi kwamba haikuwa akili hata kidogo.

Saa kumi na mbili asubuhi, siku ya tatu, tuliondoka. Leokadia alikuwa na kichanga cha wiki mbili, akabaki. Tulimweka dada kitandani na kikapu cha ndizi zilizochemshwa na maganda, na kitenge cha kujifunika, na mimi nikamwagiza, "Tukifika kizuizi cha hifadhi, nyamaza. Hawaruhusu mtu ndani ya tela linalovutwa." Akasema, "Mimi ni mtoto?" Ana miaka sita zaidi yangu.

Barabara ya hifadhini zamani ilikuwa ya kuogopwa. Magari yalipita kwa msafara na askari wenye bunduki, kwa ajili ya majambazi, na mtu akikohoa porini abiria wote wanasali. Siku hizi kinachotisha ni wingi wa magari. Mabasi, malori ya samaki, pikipiki zenye magodoro, na wageni wa kutazama wanyama, ambao nyati mmoja akikuna shingo wanasimama saba kwa mstari. Ukiwa na pikapu peke yake unawapita. Ukiwa na nyumba mgongoni hupiti mtu. Lile tela likizidi mwendo kidogo linaanza kutikisa makalio, na pikapu nayo inafuata. Basi tulikwenda kama maharusi. Malori yakalia honi nyuma yetu, na kila dereva aliyefanikiwa kutupita alishusha kioo atupe neno. Mmoja akauliza, "Mzee, mnahamia wapi na nyumba yenu?" Mwingine akaniambia nishuke nisukume. Masanja alitazama barabara. Mimi nilijibu wote, na sikusaidia kitu.

Saa mbili kasoro tukafika kizuizi. Akaja askari wa hifadhi, kijana nadhifu, amelelewa. Akainama dirishani kwangu akasema, "Shikamoo mzee."

Kabla sijafungua mdomo, kutoka kwenye tela ikasikika, wazi kabisa, "Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Yule askari akanitazama. "Nani ameitikia?"

"Mimi," nikasema.

"Kwa sauti ya mama?"

"Nina mafua."

Akaenda kufungua mlango. Dada amekaa kitandani, mikono mapajani, anamgeuzia uso wake wenye macho meupe. Akamwuliza wazazi wake hawajambo. Nilimfokea dada. Akasema, "Rafaeli, salamu ya mtoto wa watu niiache ianguke chini? Wewe ulikuwa unasubiri nini kuitikia?" Mtu wa kwetu utamfundisha kujificha chini ya kitanda, lakini shikamoo ikipita ataitikia tu.

Askari hakuwa mkorofi. Akasema tela lipite, ila mama akae mbele na mkanda, la sivyo tugeuze. Nikamweleza kuhusu mkwe. Akakuna kichwa, kumbe mama yake ni Mzinza, anaelewa. "Mzee, naelewa," akasema, "lakini tela likipinduka na mama yumo, mimi nitaeleza mila kwa nani?"

Masanja alikuwa ameshashuka upande wake, amesimama nyuma ya kibanda asimtazame mkwewe. Dada hataki kushuka. Masanja hataki kurudi garini kama dada atakaa humo. Mimi natembea kati yao kama karani wa baraza. Nyuma malori yamejaa. Na mlango wa tela tuliuacha wazi, kwa hiyo nyani wakaja. Wakaingia watatu wakubwa wakati dada mwenyewe amekaa humo. Alisikia mtu ameketi kitandani pembeni yake, akasema, "Rafaeli, sogea, unanuka." Nilipofika, nyani anamenya ndizi ya mwisho kwa utulivu na dada anaendelea kumsema. Tuliwatoa kwa fimbo ya askari. Godoro la Masanja sitaeleza lilivyoachwa.

Hapo dada akauliza, "Saa ngapi?"

"Saa mbili na nusu."

Akapapasa kikapu kitupu. Halafu akasema polepole, na hapo hakukuwa na mzaha, "Leokadia amezaa watoto wanne. Wa kwanza tu ndiye ninayejua sura yake. Huyu wa juzi nimempapasa pua nikadhani ni kidevu. Nipe kile kitenge."

Tukafanya hivi. Dada dirishani, Masanja kwenye usukani, mimi katikati, gia katikati ya magoti yangu. Nikashika kitenge kwa mkono wa kulia, nimekinyoosha juu mpaka paa la gari, kiwe ukuta. Askari akainua mti wa kizuizi, akasema, "Safari njema, wazee." Dada akaitikia kwa wote.

Sasa fikiria. Dereva anavuta nyumba kwenye barabara ya malori, na kioo chake cha kushoto kimezibwa na kitenge. Kila dakika, "Mjomba, kushoto kuna nini?" Nami nachungulia: kushoto kuna baiskeli, kushoto kuna mbuzi, kushoto kuna shimo, tena tumeshaliingia. Na wale wawili, ambao wametengana kwa unene wangu tu, hawasemeshani ila kupitia kwangu.

"Mwambie mkwe wangu apunguze mwendo."

"Nimesikia, mjomba," anasema Masanja.

"Mwambie hajasikia mpaka umwambie."

Nikamwambia.

Biharamulo mjini tulipita saa tatu na nusu bila kusimama hata kwa chai. Lusahunga tukaingia barabara kuu, na hapo ndiyo malori ya Rwanda na Burundi yenyewe, marefu kama ibada ya Ijumaa Kuu. Nyakahura saa tano dada akauliza ni wapi, nikamwambia, akasema, "Usinishushe." Benaco saa sita. Huko na Lukole zamani kulikuwa na wakimbizi wengi kuliko majani, nami niliuza ndizi na mihogo, nikapata baiskeli, ikaibwa. Lakini hiyo ni habari nyingine, na mkono wangu wakati huo ulikuwa umekufa mpaka begani. Nilibadilisha mkono. Kitenge kikashuka kidogo, Masanja akageuza uso wote kulia kama askari wa gwaride, tukaponea chupuchupu kumkanyaga bata.

Saa saba na nusu tulifika Ngara. Muuguzi alikuwa ameshika daftari mkononi. Dada akawa wa pili kutoka mwisho. Jicho la kulia wakalipasua jioni ile. Kwenye nyumba ya magurudumu hakuna aliyetaka kulala, kwa sababu ya nyani. Tulilala kwa ndugu.

Asubuhi wakamfungua bandeji. Alinitazama muda mrefu. "Kumbe ulizeeka," akasema, kama nimefanya hivyo kwa siri. Wakamwambia jicho la pili ni zamu ijayo.

Kurudi tulikaa vilevile, na sasa kitenge kilikuwa na kazi kweli, maana dada anaona. Nilikishika kwa makini, lakini mikono ilishachoka na kitenge ni kifupi. Kinaziba uso wa Masanja na kifua. Chini kikaacha usukani.

Tulipoingia tena hifadhini, saa tisa hivi, wageni walikuwa wamesimama kutazama tembo upande wa kushoto. Nikamwambia dada, tazama, tembo. Hakugeuka. Alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama chini ya kitenge. Mikono ya Masanja ina makovu ya kamba za ng'ombe, na kidole kimoja kilikatika ncha siku alipomjengea dada nyumba, bati lilimteleza. Dada alikuwa ameambiwa kuhusu kidole hicho. Kuambiwa ni kuambiwa.

"Rafaeli," akasema. "Mwambie mkwe wangu mikono yake nimeiona."

Nikamwambia. Masanja hakusema kwamba amesikia. Aliipangusa kwenye suruali, mmoja kisha mwingine, kama mtu aliyeitwa mezani, akaishika tena usukani.

Nilichojifunza ni hiki: nyumba usiivute kupitia hifadhini, na ukiivuta, mwenye adabu usimfiche ndani yake. Na mila haikuvunjika. Niliishikilia mimi kwa mkono wangu mwenyewe, kwenda na kurudi, na mpaka leo kuuinua kuchuma ndizi siwezi. Mke wangu anasema ni uzee. Yeye hakuwepo.