Dobi Asiyetaka Maua

Mtaani walimwita Mama Nyuki, na jina lenyewe lilikuwa la kumsuta, maana hapakuwa na mtu aliyewachukia nyuki kama yeye.

Alikuwa dobi. Uani kwake palikuwa na kamba nne za kuanikia, mabeseni sita, meza ya pasi chini ya kipande cha bati na, penye pembe ya ukuta, miche kumi na miwili ya nyanya ndani ya makopo ya rangi. Nyanya zile zilinyweshwa maji ya suuza ya mwisho, yasiyo na sabuni, na zililala ndani ya vyandarua vikuukuu alivyoviunga kwa mkono, utadhani zinaogopa malaria. Nyuki hakuachiwa hata tundu la kuchungulia. Ua la aina nyingine halikuruhusiwa pale. Hata gugu lililochipua kwenye ufa wa sakafu, likithubutu tu kutoa kiua, liling'olewa kabla ya chai ya asubuhi.

Lakini nyanya isiyopata upepo wala mdudu huchanua na kupukutika bure. Basi kila siku saa nne, umande ukishakauka, dobi aliinama chini ya chandarua na kijiti chake, akagonga kikonyo kimoja baada ya kingine, polepole, ili unga wa ndani ya ua udondoke mahali pake. Alimfukuza nyuki, na kazi ya nyuki ikamwangukia yeye.

"Mama Nyuki!" mwuza mkaa, jirani yake, alikuwa akimwita juu ya ukuta. "Asali tunakamua lini?"

"Subiri nikuume kwanza."

Walicheka wote wawili. Mwuza mkaa alikuwa mjane mwenye mdomo mwepesi na moyo mwema, na alijua vizuri mzaha ule umeota juu ya jambo gani.

Binti wa dobi aliumwa na nyuki akiwa na miaka mitano, shingoni, penye bomba la maji. Ndoo haijafika nusu, midomo ikawa imevimba na pumzi inapiga mluzi. Mama alimbeba mbio mpaka zahanati, kiatu kimoja mguuni, cha pili hakijulikani kilikoishia. Daktari akamdunga sindano, mtoto akarudi. Kisha daktari akasema, "Siku nyingine ukichelewa, mama, hutamkuta." Maneno mengine huingia sikio hili yakatokea lile. Hayo yaliingia, yakatandika kitanda, yakalala.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Dobi yeye hakushtuka tu, aling'oa na nyasi zenyewe.

Sasa binti alikuwa na miaka kumi na tisa. Kila baada ya chakula cha mchana alikwenda kujifunza kushona kwa fundi mmoja mwanamama, mitaa mitatu kutoka nyumbani. Mama alimsindikiza kwa macho mpaka kona, akimaliza kumsindikiza kwa macho alimsindikiza kwa mawazo.

Siku moja, akifua nguo za nyumbani, alishika gauni la binti, ambalo kwa kawaida binti alilifua mwenyewe, na kulipaka sabuni mikononi. Papo hapo povu likageuka kijani. Dobi akaacha kusugua. Doa lile alilijua. Majani ya nyanya huacha rangi isiyoonekana mpaka iguswe na sabuni, na kila wiki alilitoa kwenye mikono ya blauzi yake mwenyewe. Lakini binti hakugusa nyanya za nyumbani, alikatazwa tangu utoto. Akakunjua upindo wa gauni sehemu ambayo maji hayajafika. Ndani mlikuwa na unga wa manjano, mzito, unaong'ang'ania uzi. Huo haukutoka kwenye nyanya. Huo ulitoka kwenye alizeti.

Akakaa juu ya beseni lililofunikwa.

"Una nini, shoga?" mwuza mkaa aliuliza kutoka ukutani. Alipoonyeshwa, akapiga makofi. "Maua? Basi kuna kijana! Anza kutafuta gauni la harusi, bibi!"

"Heri ingekuwa kijana," dobi alisema.

Mwuza mkaa akashusha sauti, jambo lisilo la kawaida yake. "Nenda ukaone mwenyewe. Ila usiende na kelele zako."

Alikwenda na aproni yake, povu halijakauka viwikoni. Mlangoni kwa fundi, cherehani ilikuwa kimya. Alizunguka ubavuni mwa nyumba, na hapo ndipo alipouona uwanja wa nyuma: matuta manne ya nyanya zilizofungwa kwenye miti, zimebeba mpaka matawi yameinama, na kuzunguka matuta yote, maua. Alizeti, waridi, na mengine mafupi mekundu asiyoyajua jina. Hewa nzima ilikuwa ikivuma.

Katikati yake alisimama binti, anakata vichipukizi vya nyanya kwa kidole gumba. Nyuki mmoja alitua juu ya mkono wake, karibu na kifundo.

Dobi alifungua kinywa. Sauti ilikuwa imeshafika kooni, akaimeza, kwa kuwa aliona kwamba mtu akishtuliwa hupunga mkono, na mkono ukipungwa nyuki huuma. Binti hakutikisika. Alimtazama nyuki kama mtu anayengoja mgeni mzee avuke mlango. Nyuki akatembea hatua tatu nne, akaondoka.

Binti alipoinua uso alimwona mama yake.

"Mama."

"Tangu lini?"

"Miezi mitano sasa."

"Na kushona?"

"Nashona pia. Nikimaliza somo ndiyo nashuka huku. Maua haya nimepanda mimi, mama, yote. Fundi alikuwa na nyanya tu, tena hazizai."

Fundi cherehani alikuwa ametoka, tepu ya kupimia shingoni. "Dada, karibu ukae," alisema. "Nisamehe. Nilimwambia akwambie, akasema ukijua utamfunika naye kwa chandarua."

Dobi alitaka kukasirika, akakosa pa kuanzia, kwa sababu kweli angemfunika.

"Akiumwa?" aliuliza. "Mmeyawaza hayo, au mmewaza maua tu?"

Binti akatoa mfuko mdogo uliofungwa kiunoni, akaufungua: kichupa cha dawa, sindano mbili, na karatasi ya zahanati. "Muuguzi ametufundisha, mimi na fundi. Unachoma pajani hapa, hata juu ya nguo, halafu mbio zahanati. Si mbali kutoka hapa."

"Watu wa nje wamefundishwa, mama yako hukumfundisha."

"Ningekufundisha, ungeniacha nije?"

Dobi alitazama waridi, akazitazama na zile nyanya. Kwa ukweli zilikuwa nyanya nzuri kuliko zake.

"Nifundishe," alisema mwishowe. "Ya kuniachisha wasiwasi hiyo usahau. Lakini nifundishe."

Wakaanza jioni ileile nyumbani, kwa sindano ya mazoezi iliyojaa maji, na nyanya mbichi badala ya paja. Ya kwanza alichoma akiwa amefumba macho. Ya tano aliichoma macho wazi. Kesho yake mwuza mkaa alikuta karai zima la nyanya zenye matundu na akauliza ni ugonjwa gani mpya huo.

"Ugonjwa wa mama," binti alijibu.

Ijumaa dobi alichukua gauni lile la kazi, akashonea mfuko upande wa kulia, mdomo wake mpana, bila kifungo, mkono upite hata kwa haraka. Alimjaribisha binti mara kumi, ingiza toa, ingiza toa, mpaka binti akaanza kucheka, naye akamwambia acha kucheka, kisha akacheka.

Jumatatu baada ya chakula alimfuata mpaka mlangoni. "Nenda," alisema. "Fundi anakungoja."

"Hutanifuata?"

"Nina kazi."

Akarudi kwenye meza ya pasi, akatandaza shati la mteja. Alilipiga pasi akisikiliza barabara. Alipolimaliza alilinyunyizia maji akaanza upya, na tena, mpaka jua likavuka ukuta na hatua anazozijua zikasikika uani, pamoja na sauti ya mtu anayeomba chai.

Mwenye shati alipokuja kulichukua alisema hajapata kuona shati lililonyooka namna ile.