Ng'ombe Wangu Aliye kwenye Simu ya Jirani

Niliteguka kifundo cha mguu kwenye majani chai. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na mteremko wetu huu wa upande wa Kiptere ukilowa hauna heshima kwa mtu mzima. Niliteleza na kikapu mgongoni, nikashuka mistari kadhaa bila kutaka, na majani yote yakamwagika. Daktari akasema nikae, mguu juu ya stuli, mpaka uvimbe uishe. Mimi tangu niache shule darasa la tatu sijawahi kukaa chini mchana isipokuwa kanisani.

Mjukuu wangu wa kike, aliyemaliza chuo Kericho na anangoja kazi, alichoka nami upesi. Nilikuwa namwita kila saa: fungia ndama, geuza ugali, mbona mbwa anabweka. Akachukua simu yangu, akabonyezabonyeza, akanirudishia.

"Kogo, nimekuwekea shamba. Lima hapo. Mimi wacha nipumue."

Kogo ni nyanya, kwa lugha yetu. Na shamba lenyewe lilikuwa gemu. Ndani ya kioo kulikuwa na boma, malisho, kuku, na ndama mmoja wa kahawia mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Unampa nyasi kwa kidole, anakula. Akikua unamkamua kwa kidole, maziwa yanaingia kwenye ndoo. Nikasema huu ni upuuzi. Jioni mjukuu alipokuja kuniita nile, nilimwambia angoje, ndama hajanywa maji.

Humo ndani kulikuwa na watu wengine, watu wa kweli, kila mmoja na boma lake, kutoka nchi ambazo sijui ziko upande gani. Mnapangwa kwa ujirani. Mjukuu akamwingiza pia jirani yangu wa nje ya simu, yule mama wa Kisii anayeuza ndizi sokoni, ambaye ua wake na wangu ni mmoja. Mume wake alikuja huku zamani kuchuma chai kwa shamba kubwa, wakanunua kipande, wakabaki. Ananiita Kogo kama watoto wa hapa, ingawa hatujapishana sana kwa umri. Mimi namwita mong'ina, kama kwao wanavyomwita mwanamke wa heshima. Heshima yenyewe tunaitumia ikipatikana.

Sasa niseme wazi: mimi nilikuwa mfugaji mzuri humo. Yule ndama wa kahawia alikua akawa ng'ombe wa kusifiwa, nikaongeza na wengine. Watu nisiowajua walikuwa wanapita bomani kwangu wanamwachia maua. Lakini wenye gemu ni watu wa ajabu. Ukipanda mahindi, wanakuambia ungoje mpaka kesho, au utoe almasi yaive sasa hivi. Almasi hizo zinanunuliwa kwa pesa ya kweli.

"Kwa hivyo wananiuzia haraka?" nilimuuliza mjukuu.

"Ndiyo, Kogo."

"Na huo mwendo wa pole aliuweka nani?"

"Wao wenyewe."

Mtu anakufungia mlango, kisha anakuuzia ufunguo, na kwenye picha ya gemu anakuchekea.

Na kabla ya kukamua lazima utazame tangazo. Tangazo lilikuwa la msichana anapaka midomo rangi. Ng'ombe kiwele kimejaa, mimi natazama midomo. Halafu kuna kitu wanaita apdeti. Unalala ng'ombe wako anajaza ndoo, unaamka anajaza nusu. Hakuugua, hakukosa chumvi. Wameamua tu. Na asubuhi hiyohiyo wanakuletea ng'ombe mpya mwenye pembe za buluu, maziwa tele, wa kununua kwa almasi. Mjukuu aliwaandikia malalamiko kwa Kiingereza, mimi nikimtajia maneno na yeye akiyapunguza ukali. Jibu lilikuja kabla chai haijapoa: wanatupenda sana, wanatushukuru, tuwape nyota tano.

Kwenye ujirani wetu kulikuwa na mtu mmoja ambaye picha yake ilikuwa simba amevaa miwani ya jua. Huyu hakupanda hata kitunguu. Alinunua kila kitu: ua wa dhahabu, mbwa wa dhahabu, mpaka choo chake kilikuwa na paa la dhahabu. Na gemu iliruhusu mwenye nguvu avamie boma la jirani yake aliyelala, achukue ng'ombe. Ukitaka usivamiwe, nunua ua kwa almasi. Yaani mwizi na askari wanakula sahani moja.

Hapo nikatumia akili ya baba yangu. Baba hakuweka ng'ombe wake wote boma moja. Aliwatawanya kwa marafiki, wengine mpaka upande wa Mulot, ili ugonjwa au wezi wakija wasimmalize. Sisi Wakipsigis tunaita kimanagan. Anayekutunzia anakunywa maziwa, lakini ng'ombe na ndama wake wanabaki wako. Ng'ombe akifa, unaletewa ngozi uone. Na wewe unaenda kumtembelea, unakaribishwa vizuri, unapewa mursik, maziwa yetu ya kugandisha, kwenye kibuyu, unamtazama ng'ombe wako bila kusema mengi.

Kwenye gemu kulikuwa na mahali penye picha ya mkono ulionyooshwa. Mjukuu alikuwa amenisomea: Mpe Jirani. Nikajikokota mpaka kwenye ua.

"Mong'ina! Huyu simba wa miwani atakuja kwangu. Nakuwekea ng'ombe yangu ya kahawia."

"Lete, Kogo!" Alikuwa anapakia ndizi kwenye mkokoteni.

"Maziwa kunywa. Ndama ni yangu."

"Lete tu, nitachunga!"

Nikabonyeza.

Simba alikuja usiku huohuo. Nilipoamka boma langu lilikuwa na kuku na mavi ya ng'ombe ambao hawapo. Lakini wa kahawia alikuwa salama kwa jirani, na nilikunywa chai yangu nikijisikia mtu mwenye akili. Mguu ukapona. Ng'ombe naye akazaa huko aliko, ndama mwenye doa jeupe vilevile. Nikajua wakati umefika, nikavuka kwenda kuwachukua.

Jirani alitafuta kwenye simu mpaka akatoa jasho. Njia haikuonekana. Tukamwita mjukuu, akasoma, akakuna kichwa.

"Kogo, hii ulimpa. Wameandika ni zawadi. Zawadi hairudi kwa aliyeitoa, wala mtoto wake."

"Sikutoa zawadi. Niliweka."

"Gemu haijui kuweka. Inajua kupeana na kuuza."

"Basi hiyo gemu ililelewa na nani?"

Akaendelea kusoma, akapata njia moja. Kulikuwa na Kamba ya Dhahabu. Ukiwa nayo unamfunga ng'ombe unamrudisha. Kamba iko ndani ya sanduku la bahati, na sanduku la bure ni moja kwa siku. Mengine ni almasi. Tukaanza kufungua la bure kila asubuhi, mimi na jirani, tumeegemea ua. Tulipata nyasi. Tulipata kofia ya mbuzi. Tulipata nyasi tena, kisha kofia nyingine ya mbuzi, na hakuna kati yetu aliyekuwa na mbuzi.

"Kogo, hayo masanduku yamepangwa usipate haraka," mjukuu alisema. "Ndio uchoke, ununue."

"Pale soko ya Kiptere, mtu akileta gunia limeshonwa na hataki nifungue nione viazi, namwambia arudi nalo kwao."

Nikapiga marufuku almasi, kwangu na kwa jirani. Siku mbili tatu baadaye nilimkuta jirani na sanduku ambalo halikuwa la bure.

"Hiyo ilikuwa pesa ya ndizi zilizoiva kupita kiasi," alijitetea. "Ingeoza tu."

"Na ndani kulikuwa na nini?"

Akatazama kando. "Kofia."

Msimu wa gemu ulikuwa unaisha Jumapili, na mwisho wa msimu wanapanga watu, wa kwanza mpaka wa mwisho. Simba alikuwa wa kwanza. Jirani yangu alikuwa wa pili, na aliyemfikisha hapo ni ng'ombe wangu. Basi tulipotoka kanisani mjukuu akaniambia kitu ambacho naona alikuwa amekificha tangu asubuhi: gemu ilikuwa imempa jirani nafasi. Akiunganisha ng'ombe na ndama wake, wote wawili watageuka Fahali mmoja wa Dhahabu. Fahali huyo atamwinua juu ya simba, na picha ya jirani itakaa mlangoni mwa gemu msimu mzima unaokuja, kila mtu aione. Ila wakishaunganishwa, hawatenganishwi tena.

Nilipita njia ya mkato katikati ya chai na viatu vya kanisa. Nikamkuta kwenye veranda yake, kitambaa cha kichwa bado, simu mapajani.

"Usiguse," nikasema.

"Karibu kiti, Kogo."

"Sikai. Usiguse ng'ombe yangu."

"Kogo, nisikilize kwanza. Huyu simba alikumaliza wewe. Akaja kwangu pia akamaliza nyanya, ng'ombe ikaponea chupuchupu. Hajawahi kushindwa hata siku moja kwa sababu ana pesa. Leo nikibonyeza hapa, iko chini yangu, na miwani yake. Wewe hutaki?"

Nilitaka sana. Nilimtaka yule simba chini mpaka meno yakaniwasha. Nikakaa.

"Huyo fahali atakamuliwa na nani?" nikauliza.

"Ni ya dhahabu. Haikamuliwi."

"Atalima?"

"Hapana."

"Sasa ni ya nini?"

"Ya kuonyesha, Kogo."

"Ng'ombe yangu na mtoto wake wapotee ndio picha yako ionwe na watu hawajui hata ndizi zako ni bei gani. Sawa. Bonyeza. Lakini uniletee ngozi."

"Ngozi gani? Ngozi ya kioo?"

"Sijui ni ya nini. Baba yangu alikuwa analetewa ngozi. Na mimi nitaletewa."

Mjukuu, aliyekuwa amenifuata, aligeukia ukuta mabega yakimtikisika. Simu nayo ilianza kupiga ngoma. Ikawaka nyekundu, maandishi yakarukaruka: nafasi ya mwisho, bonyeza sasa, almasi leo zimeshuka bei. Katikati ya fujo hiyo ng'ombe wangu alikuwa amesimama anatafuna, ndama amejibanza ubavuni. Kidole cha jirani kilikuwa juu yao.

"Baba yako alikuwa anatembelea hizo ng'ombe zake?" akauliza bila kuinua macho.

"Kila akipita Mulot."

"Na walikuwa wanampa nini?"

"Mursik. Siku nyingine nyama."

"Mimi sina mursik."

"Chai naikubali."

Ngoma ilizidi. Jirani akavuta pumzi, akaigeuza simu kifudifudi mapajani na kuilalia kwa viganja vyote viwili, kama mtu anayezuia kuku asitoke kwenye kapu. Tukakaa hivyo mpaka ikanyamaza.

"Hata kwetu wazee walikuwa wanaweka ng'ombe kwa marafiki," alisema. "Lakini sijasikia mwenyewe akisumbua watu hivi."

Alipoigeuza, simba alikuwa wa kwanza tena, amevikwa joho. Jirani akamwambia maneno marefu ya Kikisii. Sikuyaelewa, lakini niliyaunga mkono yote.

Gemu nimeifuta kwenye simu yangu. Jirani ameiacha kwake kwa ajili ya ng'ombe. Hanunui kitu, hafungui masanduku, na kofia za mbuzi zimekaa tu. Simba naye, kwa vile alishinda, alihamishiwa ujirani wa matajiri wenzake, wavamiane huko.

Siku nikishapeleka majani kwenye kituo cha kununulia, napitia kwa jirani na kikapu changu kitupu. Ananiwekea kiti, analeta chai, kisha analeta simu na kuiegemeza kwenye kikombe ili nisihangaike kuishika. Ndama amekuwa mkubwa. Nawatazama bila kusema mengi.

"Amekonda," nilisema wiki iliyopita.

"Kogo, hiyo ni picha."

"Amekonda. Mpe chumvi."

Alinitazama kama mtu anayetaka kufunga lango lake. Kisha akabonyeza chumvi, na badala ya chumvi likaja tangazo. Tukanywa chai, tukatazama yule msichana akipaka midomo rangi mpaka mwisho, ndipo ng'ombe wangu akalamba.